Gunpei Yokoi: Fundi wa mashine za karata aliyetupatia gemu ya mfukoni

Wiki hii naomba nikusimulie habari za marehemu Gunpei Yokoi, Mjapani aliyefariki dunia mwaka 1997. Huenda jina lake ni geni masikioni mwako, lakini kazi ya mikono yake si ngeni. Kama umewahi kumwona mtoto ameinamia kimashine cha betri, kidole gumba cha kushoto kikiwa juu ya kitufe chenye umbo la msalaba, basi umeiona kazi ya mzee huyu.

Sababu ya kumkumbuka ni jambo lililotokea kibandani kwangu hapa mpakani, ninapouza simu, chaja, redio na gemu za mtumba. Mama mmoja anayevuka kila wiki na mzigo wa vitenge alinunua kwangu kimashine ambacho boksi lake lilisema kina gemu mia nne za zamani zilizotengenezwa upya. Baada ya siku tatu alinirudishia. Mwanawe alikuwa amekaa akazihesabu moja moja, akakuta hazifiki hata arobaini. Nyingine zote zilikuwa zilezile zilizobadilishwa majina. Hata hizo chache, picha zake zilikuwa zimebanwa na sauti zilikuwa zikikwaruza.

Nilimrudishia fedha zake na kumwomba radhi, kwa sababu mzigo ule niliununua kwa kuangalia boksi tu. Lakini yule kijana hakuondoka. Aliniuliza kwa nini gemu ya zamani ikitengenezwa upya mara nyingine huwa nzuri kuliko ile ya kwanza, na mara nyingine huwa takataka. Sikuwa na jibu siku ile, nikamwambia arudi. Leo naona jibu lake limo katika maisha ya Yokoi.

Gunpei Yokoi alizaliwa tarehe 10 Septemba, 1941, katika mji wa Kyoto. Alisomea elektroniki katika Chuo Kikuu cha Doshisha mjini humohumo, na mwaka 1965 akaajiriwa na kampuni ya Nintendo. Usidhani kwamba aliingia kwenye kampuni ya gemu. Nintendo ilianzishwa mwaka 1889 kwa ajili ya kutengeneza karata za Kijapani zenye picha za maua, ziitwazo hanafuda, na hata alipoingia Yokoi karata bado zilikuwa biashara yake kubwa. Kazi aliyopewa kijana huyu msomi ilikuwa kuhakikisha mashine za kutengenezea karata haziharibiki.

Mashine zikiwa nzima fundi hana kazi. Yokoi akawa anapoteza muda kwa kutengeneza vitu vya kujichezea. Kimojawapo kilikuwa mkono wa vibao vilivyopishana kama mikasi, ambao ukiubana huku unarefuka kule na kushika kitu cha mbali. Rais wa kampuni, Hiroshi Yamauchi, mtu aliyejulikana kwa ukali, alipita kiwandani akauona. Badala ya kumfukuza, alimwagiza autengeneze kama kitu cha kuuza. Mwaka 1966 ukatoka kwa jina la Ultra Hand na ukauzwa zaidi ya milioni moja. Kuanzia hapo Yokoi akahamishwa kutoka kwenye mashine za karata na kupewa kazi ya kubuni vitu vya kuchezea.

Vilivyofuata vilikuwa vya aina hiyohiyo. Mwaka 1969 alitoa Love Tester, kifaa cha kupima mapenzi. Wawili hushikana mikono, kila mmoja akashika kitasa chake, na mshale ukapanda kufuatana na umeme mdogo unaopita miilini mwao. Kisayansi hakikupima mapenzi hata kidogo, lakini vijana waliona haya kushikana mikono walipata kisingizio. Baadaye akishirikiana na Masayuki Uemura, aliyetoka kampuni ya Sharp, alitengeneza bunduki ya kuchezea inayopiga mwanga. Shabaha yake ilikuwa kipande cha sola, kitu ambacho wengine walikitumia kuzalisha umeme tu.

Hapo ndipo ulipo mwongozo wa maisha yake yote ya kazi. Yokoi aliamini kuwa mbunifu asikimbilie teknolojia mpya kabisa. Achukue ile iliyokwisha zoeleka, iliyonyauka kama alivyopenda kuiita, ambayo bei yake imeshuka na ugonjwa wake unajulikana, kisha aitumie mahali ambapo hakuna aliyefikiria kuitumia. Wafanyabiashara wa mpakani wanalielewa hili bila kufundishwa. Dereva wa lori hataki injini ngeni ambayo ikizimika porini hakuna fundi wa kuigusa. Anataka ile ambayo spea zake zipo kila kituo.

Inasimuliwa kuwa siku moja akiwa ndani ya treni ya mwendo kasi, Yokoi alimwona abiria mmoja, mtu wa ofisini, akijipotezea muda kwa kubonyezabonyeza kalkuleta. Wakati huo makampuni ya Sharp na Casio yalikuwa yakipigana vita vya bei, na vioo vya kalkuleta vilikuwa vimekuwa rahisi mno. Yokoi akawaza: kwa nini mtu mzima asipate kitu kidogo cha kuchezea, chembamba kiasi kwamba jirani yake asitambue? Tarehe 28 Aprili, 1980, gemu ya kwanza ya aina hiyo ikaingia madukani. Mfululizo huo uliitwa Game & Watch, kwa sababu kila kimashine kilikuwa pia saa. Hadi mwaka 1991 viliuzwa zaidi ya milioni 43.

Sasa naomba msomaji uniangalie vizuri hapa, maana ndipo jibu la yule kijana linapoanzia. Kioo cha Game & Watch hakikuwa na vidoti kama vya televisheni. Kila umbo lilikuwa limekwisha chorwa kiwandani mahali pake, na kazi ya mashine ilikuwa kuliwasha na kulizima, kama zinavyowashwa tarakimu za kalkuleta. Mtu anayerusha mipira alikuwa na mikono iliyochorwa mahali kadhaa tu. Hakuna kusogea katikati. Kwa hiyo mchezo wote ulitegemea mapigo: tik, tik, tik, kila mlio hatua moja, na mapigo yakizidi kasi moyo nao unazidi.

Mtu anayetaka kuikarabati gemu hiyo akidhani udhaifu wake ni picha zisizosogea vizuri, ataziwekea picha laini zinazoteleza. Atakuwa ameua mapigo, na mapigo ndiyo mchezo wenyewe. Nintendo walilijua hilo walipotoa Game & Watch Gallery mwaka 1997. Ilikuwa na gemu nne, na kila gemu iliwekwa kwa sura mbili. Ya kwanza ilifuata ile ya kale hatua kwa hatua. Ya pili ilipambwa upya kwa akina Mario. Mchezaji aliachiwa achague. Huo naona ni ukarabati wa heshima: mpya imejengwa pembeni, nyumba ya mzee haijabomolewa.

Turudi kwa Yokoi. Mwaka 1981 Nintendo ilikuwa na shida Marekani, ambako mashine zake nyingi za gemu ya Radar Scope zilikosa wanunuzi. Kijana mchoraji, Shigeru Miyamoto, alipewa kazi ya kubuni gemu nyingine ya kuingiza ndani ya mashine hizohizo, na Yokoi akawekwa kuwa msimamizi wake. Ikazaliwa Donkey Kong. Mwaka uliofuata Yokoi alitaka kuiingiza Donkey Kong ndani ya Game & Watch, lakini mpini wa kuongozea usingeingia mfukoni. Akabuni kitufe bapa chenye umbo la msalaba. Karibu kila kidhibiti cha gemu kilichofuata, cha Nintendo na cha washindani wake, kimekuwa na kitu cha namna hiyo.

Mwaka 1986 idara aliyoiongoza ilitoa Metroid. Ni habari ya mpiganaji aitwaye Samus anayezunguka peke yake kwenye mapango ya sayari ya mbali. Haikuwa na ramani, na mchezaji alipotea kwelikweli. Wapo waliochora ramani zao wenyewe kwenye karatasi za daftari.

Mwaka 2004 gemu hiyo ilirudi mara mbili, tena kwa mashine ileile ya Game Boy Advance. Mara ya kwanza ilitengenezwa upya kabisa kwa jina la Metroid: Zero Mission, ikiongozwa na Yoshio Sakamoto, ambaye alikuwa kijana katika idara ya Yokoi wakati ile ya kwanza inatengenezwa. Aliongeza ramani, akapanua mapango, na mwisho wa safari akaweka sehemu mpya ambapo Samus anavuliwa silaha zake na kulazimika kujificha. Hivyo ule upweke wa mwaka 1986 ulirudi kwa njia nyingine. Zaidi ya hayo, aliyemaliza mchezo alizawadiwa gemu ya kale yenyewe ndani ya kaseti hiyohiyo.

Mara ya pili, miezi michache baadaye, gemu ya kale iliuzwa kwenye kaseti yake peke yake, nchini Marekani kwa karibu dola 20. Kioo cha Game Boy Advance ni kifupi kuliko picha ya televisheni, kwa hiyo picha ilibanwa kutoka juu na chini ili itoshee. Hakuna kilichoongezwa cha maana. Kampuni ileile, gemu ileile, mwaka uleule, lakini mnunuzi mmoja alipata kazi ya fundi na mwingine akauziwa kwa fedha kile ambacho mwenzake alipewa bure. Nilipomweleza yule kijana habari hii alicheka akasema, basi hata wakubwa wanafanya kama wewe. Sikuwa na la kujibu.

Kazi iliyompa Yokoi jina kubwa ilitoka tarehe 21 Aprili, 1989. Hiyo ni Game Boy. Ilikuwa nzito, ya rangi ya kijivu, na kioo chake kilitoa kivuli cha kijani kilichofifia. Wapinzani walikuja na rangi. Atari ilitoa Lynx mwaka huohuo, na Sega ikatoa Game Gear mwaka 1990. Ukiziweka mezani bega kwa bega, Game Boy ilionekana kama maskini mwenye koti la kuazima.

Lakini hebu tufanye hesabu ya mfanyabiashara. Lynx ilianza kuuzwa Marekani kwa karibu dola 180, Game Boy kwa karibu dola 90. Lynx na Game Gear kila moja ilikula betri sita ndogo kwa saa chache tu, tatu hadi tano. Game Boy ilitumia betri nne na ikadumu zaidi ya saa kumi. Kioo cha rangi kilihitaji taa nyuma yake, na taa ndiyo mla betri. Yokoi aliikataa taa kwa makusudi. Ikijumlishwa na Game Boy Color iliyofuata, iliuzwa zaidi ya milioni 118. Game Boy ya Mmarekani mmoja iliungua katika Vita vya Ghuba vya mwaka 1991 hadi plastiki ikayeyuka, na kwa miaka mingi ilionyeshwa dukani kwa Nintendo mjini New York ikiwa bado inacheza Tetris.

Ya kwangu niliinunua mtumba nikiwa ugenini na nikarudi nayo nyumbani ndani ya begi la nguo. Hadi leo inawaka. Kaseti niliyoipenda zaidi ni Metroid II ya mwaka 1991, ambayo nayo ilitayarishwa chini ya Yokoi. Kwa kuwa kioo ni kidogo, Samus alichorwa mkubwa, hivyo unaona hatua chache tu mbele yako, kama mtu anayetembea usiku na kibatari. Muziki karibu haupo. Unawaua wale viumbe mmoja baada ya mwingine hadi umfikie mama yao. Kisha kinabaki kifaranga kimoja, nacho kinakufuata kikidhani wewe ndiye mama yake. Safari ya kutoka pangoni ni ya kimya, hakuna adui hata mmoja. Unatembea na yatima uliyemfanya yatima mwenyewe.

Mwaka 2016 mashabiki waliitoa upya gemu hiyo bila malipo baada ya kuihangaikia kwa miaka mingi, na Nintendo wakataka iondolewe. Mwaka 2017 Nintendo wenyewe wakatoa toleo lao, Metroid: Samus Returns, lililotengenezwa pamoja na kampuni ya MercurySteam ya Hispania. Ni zuri machoni. Mapango yana kina, Samus ana mapigo mapya, na wengi walilipenda. Mimi pia nililicheza hadi mwisho. Lakini pale kwenye safari ya kimya wakaingiza pambano kubwa na dubwana jingine. Kifaranga kikageuka msaidizi wa vita, na ule uzito wa moyo ukatoweka.

Sakamoto alikuwa mmoja wa wasimamizi wa toleo hilo, yuleyule aliyeikarabati vema ile ya kwanza. Lakini yeye hakuwa mwongozaji wa Metroid II ya mwaka 1991. Hapo nilijifunza kwamba umahiri wa fundi peke yake hautoshi. Fundi anaweza kuwa hodari, mwenye mali zote na idhini zote, na bado akakosea kutambua ni ukuta upi unaoshikilia paa. Aliyeona ukimya ule ni upungufu aliujaza.

Yokoi naye hakuwa malaika asiyekosea. Tarehe 21 Julai, 1995, Nintendo ilitoa Virtual Boy, mashine ya kutazamia kwa kuegemeza uso, yenye picha za kina kwa rangi nyekundu tu juu ya giza. Nyekundu ilichaguliwa kwa sababu taa zake zilikuwa rahisi na hazikula umeme mwingi. Hesabu ilikuwa ileile ya siku zote, ila safari hii ilikataa. Watu walilalamika kuumwa na macho na shingo, na ziliuzwa kama 770,000 tu kabla ya kusimamishwa. Cha ajabu ni kwamba mwaka 2025 Nintendo ilitangaza kuzirudisha gemu za Virtual Boy kwa ajili ya mashine zake za Switch, pamoja na kifaa cha kutazamia kilichofanana na kile cha kale. Hata kilichoanguka kimepata mkarabati wake.

Tarehe 15 Agosti, 1996, baada ya miaka 31, Yokoi aliondoka Nintendo. Wengi walisema amefukuzwa na aibu ya Virtual Boy. Yeye alikanusha na kueleza kuwa alikuwa na nia ya kujitegemea tangu zamani. Kabla ya kuondoka aliacha zawadi ya mwisho, Game Boy Pocket, ndogo na nyepesi kuliko ya kwanza, yenye kioo kinachoonekana vizuri zaidi. Ukitaka kujua jinsi mwenyewe alivyokarabati kazi yake, itazame hiyo. Aliondoa uzito, akafuta ule ukijani, akaacha kaseti zote za zamani ziendelee kufanya kazi.

Alifungua ofisi yake mjini Kyoto kwa jina la Koto, akaanza kushirikiana na kampuni ya Bandai kwenye mashine mpya ya mkononi. Hakuiona ikikamilika. Tarehe 4 Oktoba, 1997, alikuwa abiria katika gari lililokuwa likipita barabara kuu ya Hokuriku, mkoani Ishikawa. Gari lao liligonga kidogo gari la mbele. Yokoi alishuka kwenda kutazama uharibifu, na gari jingine lililokuwa likipita likamgonga. Alikuwa na umri wa miaka 56. Mashine ile ya Bandai ilitoka mwezi Machi 1999 kwa jina la WonderSwan. Ilitumia betri moja tu ndogo. Moja ya gemu zake za kwanza ilipewa jina lake, Gunpey, na mwaka 2006 nayo ikatengenezwa upya kwa mashine nyingine.

Yule kijana alirudi Jumamosi iliyopita. Nilimjibu hivi: gemu ya zamani huharibika pale mkarabati anapoona ufukara wa mwanzo tu, asione werevu uliozaliwa na ufukara huo. Mzee Yokoi hakuwa na rangi, hakuwa na taa, wala hakuwa na nafasi, na kila alichokosa alikifanya kiwe sehemu ya mchezo. Anayeongeza rangi, taa na nafasi bila kujua hilo anaondoa bila kujua. Na asiyeongeza chochote wala kujali chochote, akabana picha tu na kuandika mia nne juu ya boksi, huyo si mkarabati, ni mlanguzi.

Tangu siku ile sinunui mzigo wa gemu bila kuuwasha. Nachukua moja, natia betri, nacheza nusu saa, nahesabu. Jumla ninazoleta zimepungua, na faida imepungua nayo, lakini yule mama wa vitenge bado anapita kibandani kwangu. Mwanawe nimemwazima Game Boy yangu na ile kaseti ya Metroid II. Nimemwambia akifika mwisho, pale penye ukimya, asiharakishe kutoka.

Mungu ailaze roho ya marehemu Gunpei Yokoi mahali pema.